Tunachovuta Bila Kukiona: Kupima Mabaki ya Dawa za Kuulia Wadudu katika Hewa ya Miji

Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za haki na amani



Tunapokutana kuzungumzia haki, tumezoea kutaja ardhi, mishahara, mahakama na bei ya mazao. Hayo ni mambo yanayoonekana, na mwenye kudhulumiwa anaweza kuyanyoshea kidole. Leo tumeombwa kuzungumza juu ya jambo lisiloonekana wala kunusika: mabaki ya dawa za kuulia wadudu yanayoelea katika hewa ya miji yetu, na namna yanavyopimwa.

Huenda mtu akauliza: jambo la wakemia linatuhusu nini sisi? Jibu letu ni kwamba hewa ni mali ya pamoja kuliko mali nyingine zote. Mwenye uwezo akiyashuku maji ya bomba hununua ya chupa. Akishuku mboga za sokoni hulima zake. Lakini hakuna anayenunua hewa ya wiki nzima na kuiweka kabatini. Mama mwenye genge kando ya jaa la taka, mtoto aliyelala katika chumba kilichopuliziwa dawa, mlinzi anayekesha mbele ya ghala la pembejeo, wote huvuta kile walichokikuta. Na wanapolalamika, huulizwa swali moja tu: "Ushahidi wenu uko wapi?" Kisichopimwa ni vigumu kukitetea. Ndiyo maana tunasema kwamba kipimo ni sehemu ya haki.

1. Sumu zisizooza

Dawa za kuulia wadudu ziko za aina nyingi, nasi hatuzungumzii zote. Zipo ambazo jua, maji na vijidudu vya udongo huzivunja kwa siku au wiki chache. Zipo nyingine ambazo wataalamu huziita sumu za kikaboni zinazodumu. Hizi zina sifa nne: hazivunjiki upesi, husafiri mbali, hujikusanya katika mafuta ya mwili wa wanyama na binadamu, na hudhuru afya. DDT ndiyo inayojulikana zaidi. Wenzake ni aldrini, dieldrini, endrini, klordani, heptakloro, lindani na endosulfani.

Mataifa yalikubaliana juu ya sumu hizi mjini Stockholm, nchini Sweden, mwezi Mei 2001, na mkataba huo ukaanza kutumika Mei 2004. Orodha ya kwanza ilikuwa na kemikali 12, na 9 kati yake zilikuwa dawa za kuulia wadudu na visumbufu vingine vya mazao. Lindani iliongezwa mwaka 2009 na endosulfani mwaka 2011. Kenya na Tanzania zote ziliuridhia mkataba huo mwaka 2004. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba lindani husababisha saratani kwa binadamu, na kwamba DDT yaelekea kuisababisha.

Katika sehemu zetu sumu hizi zilikuja kama marafiki. Zilipuliziwa kwenye pamba na kahawa. Zilitumika dhidi ya mbung'o waliowaangamiza ng'ombe, na dhidi ya mbu wa malaria. Aldrini, dieldrini na klordani zilimwagwa katika misingi ya nyumba duniani kote ili kuzuia mchwa. Hatusemi kwamba waliozitumia walikuwa na nia mbaya. Tunasema kwamba dawa iliyomwagwa mwaka 1970 huenda bado haijaondoka, na aliyezaliwa juzi anaivuta bila kuulizwa.

2. Zinafikaje hewani?

Wengi hudhani kwamba dawa ikishaingia ardhini imezikwa. Sivyo. Sumu hizi hugeuka mvuke kidogo kidogo, na kadiri ardhi inavyopata joto ndivyo mvuke unavyoongezeka. Watafiti waliochunguza DDT katika nchi za joto, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliona kwamba hutoweka udongoni upesi zaidi kuliko katika nchi za baridi. Habari hiyo ilipokelewa na baadhi ya watu kwa furaha. Lakini kutoweka udongoni si kuangamia. Sehemu kubwa ya kilichotoweka kilikuwa kimepanda hewani.

Kikisha kupanda, husafiri na upepo, hupoa, hutua, kisha joto likirudi hupanda tena, mithili ya panzi anayeruka kutoka jani hadi jani. Kwa njia hiyo sumu zilizotumika katika mashamba ya nchi za joto na za wastani zimekutwa katika theluji ya ncha ya kaskazini, na katika maziwa ya akina mama Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada, watu ambao hawalimi pamba wala hawana mbu wa malaria. Aliyefaidika na dawa na aliyebeba mzigo wake si mtu mmoja.

Katika mji ziko njia nyingine pia. Ipo misingi ya nyumba za zamani zilizotiwa dawa ya mchwa. Zipo bustani na mitaro, na yapo maghala ambamo madumu ya zamani huvuja. Yapo majaa ya taka ambako makopo ya dawa huchomwa pamoja na plastiki na maganda ya ndizi. Na zipo dawa zilizopigwa marufuku ambazo huuzwa kichochoroni, zikiwa zimepimwa kwa kijiko na kufungwa katika kipande cha gazeti. Hivyo basi mtu asidhani kwamba jambo hili ni la wakulima peke yao.

3. Zinapimwaje?

Kiasi tunachokitafuta ni kidogo mno. Hesabu yake huandikwa kwa pikogramu katika mita moja ya ujazo ya hewa. Ukiigawa gramu moja katika mafungu milioni moja, kisha kila fungu ukaligawa tena katika mafungu milioni moja, fungu moja la mwisho ndilo pikogramu. Hakuna pua iwezayo kulinusa. Kwa hiyo hewa hukusanywa kwanza kwa wingi, ndipo kilichomo kitafutwe maabarani. Njia za kukusanya ni mbili.

Njia ya kwanza hutumia pampu ya umeme. Pampu huvuta mamia ya mita za ujazo za hewa kwa siku moja, na kuipitisha kwanza katika kichujio kinachonasa vumbi, kisha katika sponji au chembe za resini zinazonasa mvuke. Njia hii hutoa hesabu sahihi, kwa maana kiasi cha hewa kilichopita kinajulikana. Lakini inahitaji umeme usiokatika, fundi, na fedha.

Njia ya pili ni ya watu wa kipato cha chini, kama tunavyoweza kusema. Ni kisahani cha sponji, upana wake kiasi cha sentimita 14 na unene usiozidi sana sentimita moja, ambacho kimesafishwa vizuri kwa vimumunyisho maabarani. Huwekwa katikati ya bakuli mbili za chuma kisichoshika kutu, moja ikiifunika nyingine, na kuacha nafasi ya hewa kupita. Bakuli huikinga sponji na mvua, jua na vumbi zito. Kisha huning'inizwa mahali pa wazi kwa wiki nne, au kwa miezi mitatu. Hakuna umeme wala pampu. Upepo wenyewe ndio mfanyakazi. Sponji hiyo hukusanya sumu iliyo katika mita za ujazo zipatazo 3 hadi 4 za hewa kwa siku. Mtu mzima huvuta kati ya mita 10 na 20. Kwa hiyo sponji hupumua mahali petu, ila kwa polepole zaidi.

Muda ukitimia, sponji hufungwa katika karatasi ya alumini, hupelekwa maabarani katika hali ya baridi, na kukamuliwa sumu zake kwa vimumunyisho. Kimiminiko hicho husafishwa, hupunguzwa hadi kubaki matone machache, na kupitishwa katika mtambo wa kromatografia ya gesi, ambao hutenganisha kila kemikali na mwenzake na kuipima peke yake.

Tunapenda muone hapa jambo moja la uaminifu. Pamoja na sponji zilizotundikwa, mpimaji mwema hubeba sponji nyingine ambayo husafiri safari ile ile lakini haitundikwi. Nayo hupimwa. Ikikutwa na sumu, basi sumu hiyo ilitoka mikononi mwa mpimaji, au garini, au maabarani. Wala haihesabiwi kuwa ya hewa. Tena kabla ya kukamua, sponji hutiwa kiasi kinachojulikana cha kemikali ya alama, ili mwishoni ionekane kama kuna kilichopotea njiani. Yaani mpimaji hujishitaki mwenyewe kabla ya kumshitaki jirani. Laiti kila mwenye mizani sokoni angefanya hivyo!

4. Namba husema nini?

Namba moja peke yake husema kidogo. Namba zikiwekwa pamoja huanza kutoa habari.

Chukueni DDT. Ikikaa muda mrefu hugeuka kuwa kemikali nyingine iitwayo DDE. Kwa hiyo mpimaji huuliza: kipi kimezidi, DDT au DDE? DDE ikizidi, hiyo ni sumu kuukuu, mabaki ya wazee wetu. DDT ikizidi, kuna mkono ulioifungua dawa hiyo hivi karibuni, au ghala linalovuja. Vivyo hivyo kuhusu lindani. Lindani safi ina karibu aina moja tu ya HCH, iitwayo gama, ilhali dawa ya zamani ya HCH isiyosafishwa ilikuwa na aina kadhaa, alfa ikiwa nyingi kuliko zote. Kwa kulinganisha alfa na gama, huweza kujulikana ni dawa ipi iliyotumika. Endosulfani nayo hupanda na kushuka kufuata msimu wa kupulizia mazao. Kwa njia hiyo hewa hutoa ushuhuda kuhusu wakati na chanzo.

Mfano mzuri uko Chicago, nchini Marekani. Mwaka 1990 Marekani na Kanada zilianza kwa pamoja mtandao wa vituo vya kupima hewa kuzunguka maziwa matano makubwa ya Amerika ya Kaskazini. Vituo vikuu viliwekwa mashambani na misituni, mbali na miji. Baadaye, katika miaka ya 1990, kikaongezwa kituo ndani ya jiji la Chicago. Kila baada ya siku 12 pampu huvuta hewa kwa saa 24, na kazi hiyo imeendelea miaka mingi, wakemia wa Chuo Kikuu cha Indiana wakiwa miongoni mwa wapimaji wakuu.

Wengi wangetarajia kwamba dawa za wadudu zingekuwa nyingi zaidi mashambani. Kwa baadhi ya dawa ndivyo ilivyokuwa. Endosulfani iliwafuata wakulima. Lakini klordani, dieldrini na mabaki ya DDT yalikuwa mengi zaidi katika hewa ya Chicago kuliko kwenye vituo vya mbali. Tena yaliongezeka majira ya joto na kupungua majira ya baridi, dalili kwamba yanapanda kutoka katika ardhi na majengo ya karibu. Marekani ilikwisha kupiga marufuku DDT mwaka 1972. Klordani iliachwa kutumika dhidi ya mchwa mwaka 1988. Amri ya serikali ilisimamisha uuzaji kwa siku moja, lakini haikuweza kuiamuru sumu itoke ndani ya misingi ya nyumba. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu moja tu: kulikuwa na watu waliorudi kila baada ya siku 12, mwaka baada ya mwaka, kuchukua kichujio na kuandika namba.

Namba hizo zilileta pia habari njema. HCH ya aina ya alfa ilipungua mwaka hadi mwaka baada ya mataifa kuacha kutumia dawa ile ya zamani. Hivyo kipimo hakileti lawama tu. Huleta pia uthibitisho kwamba uamuzi mwema huzaa matunda.

5. Na huku kwetu?

Kwa muda mrefu ramani za wapimaji zilikuwa na alama nyingi Ulaya na Amerika, na Afrika ilikuwa karibu tupu. Utupu huo ulikuwa hatari, maana mtu aweza kuutafsiri kuwa usafi. Mkataba wa Stockholm uliamua kwamba mafanikio yake yapimwe, na hewa ikawekwa kati ya vitu vya kwanza vya kupimwa pamoja na maziwa ya mama na damu. Mwaka 2008, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Masaryk cha mjini Brno, katika Jamhuri ya Cheki, sponji za aina tuliyoieleza zilitundikwa katika nchi 15 za Afrika, Kenya ikiwemo. Miongoni mwa mahali palipopimwa palikuwa Dandora, mtaa wa Nairobi uliobeba jaa kubwa la taka la jiji hilo. Wakazi wa mahali pa namna hiyo huwa wanajua kwa macho na vifua vyao kwamba moshi si rafiki. Tofauti ni kwamba sasa kitu fulani kiliandikwa katika daftari ambalo mataifa hulisoma.

Tanzania tunayo Vikuge, katika Wilaya ya Kibaha, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1986 shamba la serikali mahali hapo lilipokea shehena ya dawa kutoka Ugiriki. Ilikuwa ni msaada, na sehemu ya dawa hizo ilikuwa imekwisha muda wake. Zikakaa katika banda kwa miaka, zikavuja. Watafiti wa Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipochunguza eneo hilo walikuta DDT na HCH kwa viwango vya juu sana katika udongo, na mabaki yake katika majani na mimea iliyoota karibu. Udongo uliojaa sumu chini ya jua la Pwani hauwezi kukaa bila kutoa mvuke. Kuanzia mwaka 2005 Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi za kwanza katika mpango wa bara zima wa kuondoa akiba za dawa chakavu.

Tunaitaja Vikuge ili tujifunze jambo. Zawadi nayo hupimwa. Anayetoa kitu ambacho kwake kimekuwa taka, na kukiita msaada, amehamisha tatizo lake hadi kwenye pua ya jirani. Mataifa ya Afrika yaliliona hilo yalipotia sahihi Mkataba wa Bamako mwaka 1991 dhidi ya uingizaji wa taka za hatari barani. Na Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998 unadai nchi iarifiwe na ikubali kwanza kabla ya kuletewa kemikali fulani za hatari. Sheria zipo. Kinachohitajika ni macho.

6. Tusiongeze chumvi

Ndugu zetu, anayetetea haki kwa uongo huiua haki anayoitetea. Kwa hiyo lazima tuseme pia kile ambacho namba za hewa hazisemi.

Kwanza, mabaki ya sumu katika hewa ya nje kwa kawaida ni kidogo. Sehemu kubwa ya sumu hizi huingia mwilini kwa njia ya chakula, hasa chenye mafuta, kama vile samaki, nyama na maziwa. Tofauti ni hewa ya ndani ya nyumba iliyotiwa dawa, ambayo huweza kuwa na sumu nyingi zaidi kuliko hewa ya nje. Sponji ya juu ya paa haisemi kilichomo chumbani.

Pili, mtu asimwambie mama aache kumnyonyesha mtoto kwa sababu ya habari hizi. Shirika la Afya Duniani, ambalo limeshiriki kupima maziwa ya mama katika nchi nyingi, linaendelea kufundisha kwamba maziwa ya mama ndiyo chakula bora cha mtoto mchanga. Tunapima ili tuisafishe dunia inayomzunguka mama, wala si ili tumtie hofu.

Tatu, iko malaria. Mkataba wa Stockholm haukuifuta DDT kabisa. Uliruhusu itumike kupulizia ndani ya nyumba dhidi ya mbu, pale ambapo hakuna njia nyingine iliyo salama na yenye nguvu. Aliyewahi kumzika mtoto kwa homa hatapenda kusikia hotuba juu ya pikogramu. Nasi hatuthubutu kumhubiria. Lakini ruhusa hiyo ilitolewa kwa ukuta wa nyumba. Haikutolewa kwa ajili ya mchicha, wala kwa kuhifadhi mahindi, wala kwa kukaushia samaki. Kipimo ndicho kinachotuwezesha kujua kama dawa iliyotoka kwa ajili ya mbu imebaki kwa ajili ya mbu, au imepotelea sokoni.

7. Sisi tufanye nini?

Tunapendekeza mambo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wa parokia ya kawaida.

Kwanza, tuanze na nyumba yetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Makanisa, shule na zahanati zetu hujengwa, na misingi yake humwagwa dawa ya mchwa. Je, kamati ya ujenzi hujua jina la dawa hiyo? Je, ilisajiliwa? Fundi akija na dumu lisilo na lebo, mwenyekiti wa kamati awe na ujasiri wa kumrudisha. Na katika stoo zetu, nyuma ya viti vilivyovunjika, huenda limo kopo la unga mweupe ambalo hakuna anayekumbuka nani alilileta. Lisimwagwe, lisichomwe, lisifukiwe, wala lisiguswe na watoto. Lifungiwe, na wahusika waarifiwe: huku Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, au ofisi ya mazingira ya halmashauri.

Pili, tuwafundishe wanunuzi. Dawa iliyofungwa kwenye gazeti haina jina, haina tarehe, haina maelekezo, na haina wa kumshitaki. Bei yake ni rahisi kwa sababu gharama nyingine italipwa na kifua cha mtu. Makopo matupu yasiteke maji, yasiweke mafuta ya kula, wala yasitiwe motoni.

Tatu, tutoe mahali. Watafiti wanaotundika sponji hupata taabu ya jambo dogo sana: mahali pa wazi, pa usalama, ambapo bakuli za chuma hazitaibiwa na kugeuzwa sufuria, na ambapo yupo mtu wa kuaminika wa kuandika tarehe. Uwanja wa parokia una vyote hivyo. Tukiombwa na chuo kikuu au na ofisi ya serikali, tukubali. Lakini tukubali kwa masharti ya ukweli. Sponji isitundikwe juu ya tanuri la taka ili namba ipande, wala isifichwe nyuma ya miti ili namba ishuke. Katika miezi hiyo pasipuliziwe dawa karibu nayo. Na ikiwa imepuliziwa, iandikwe. Mlinzi anayeandika katika daftari, "Leo jirani amechoma taka, upepo ulitoka mashariki," amefanya kazi ya kisayansi, na pia ametoa ushahidi.

Nne, tudai majibu yarudi. Mara nyingi sponji huondoka, namba huchapishwa kwa lugha ya kigeni katika jarida la mbali, na aliyeitunza kwa miezi mitatu hasikii neno. Hiyo nayo ni dhuluma ndogo. Kabla ya kutoa mahali, tuulize: mtatuletea matokeo lini? Nani atatueleza kwa Kiswahili? Na kama namba ni mbaya, nani ataambiwa kwanza, na atatakiwa afanye nini? Watu waliopimwa wana haki ya kujua kipimo chao.

8. Neno la mwisho

Wapo watakaosema kwamba haya ni makubwa kwetu, kwamba tuna njaa na ada za shule za kushughulikia kwanza. Tunawaelewa. Lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sumu hizi zilitumika kwa miaka thelathini au arobaini, na wajukuu wa waliozitumia ndio wanaopima mabaki yake leo. Tutakachokimwaga sisi mwaka huu kitapimwa na nani?

Hatuwezi kuirudisha dawa ndani ya dumu. Tunaweza kuacha kuiongeza. Tunaweza kujua ilipo. Na tunaweza kusimama pamoja na wale wanaoivuta zaidi ya wengine, tukiwa na namba mkononi, ili atakapouliza mkubwa yeyote ushahidi uko wapi, asikie jibu la utaratibu na la kweli: uko hapa, umeandikwa, na tarehe yake hii.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni nani wanaoishi au kufanya kazi karibu zaidi na jaa la taka, ghala la pembejeo, au nyumba zinazopuliziwa dawa mara kwa mara? Je, wana sauti katika vikao vyetu?

2. Dawa gani za wadudu zinauzwa sokoni kwetu bila lebo? Tunaweza kuzungumza vipi na wauzaji bila kuwanyima riziki?

3. Majengo ya parokia yalitiwa dawa gani ya mchwa, na nani anayo kumbukumbu yake?

4. Tukiombwa kutunza kipimo cha hewa katika uwanja wetu, nani atakuwa mwangalizi, na tutawadai wapimaji ahadi gani?

5. Je, imewahi kutokea tukapokea msaada ambao baadaye uligeuka kuwa mzigo? Tungeuliza maswali gani kabla ya kuupokea?